Nta Iliyozikwa Nyuma ya Nyumba

Wakati wa vita baba alikohoa damu hapa Kindu. Barabara zilikuwa zimefungwa, treni haiji, na dawa iliyopatikana ilikuwa ya kifua kikuu tu. Akaimeza mpaka akafa. Kilichomuua hatukukijua, na mpaka leo hatukijui.

Basi yaya, kaka yangu mkubwa, aliporudi kutoka machimbo ya madini huko Kama anakohoa vile vile, niliogopa hata kula. Safari hii dokta alimtoboa kifua kwa sindano, akachukua kipande cha uvimbe, kikapanda ndege kwenda Kinshasa. Alinieleza kwamba kule wanakikata vipande vyembamba sana, wanatia dawa ya rangi inayonasa protini fulani tu. Kila aina ya kansa ina protini zake, na ile inayoshika rangi ndiyo inayosema hii ni kansa gani.

Jibu likaja: ni kansa ya pafu lenyewe, haikutoka mahali pengine mwilini. Na kwa kuwa mama alikuwa amelia sana kwamba nyama ya mutu haitupwi ugenini, wakaturudishia kilichobaki, kimegandishwa ndani ya kibonge cha nta. Mama akakizika nyuma ya nyumba, pale alipozika vitovu vyetu. Nani angemkataza mama yule?

Halafu dokta akapiga simu. Kuna protini moja bado hawajaipima. Ikionekana, yaya atapewa vidonge vya kumsaidia. Isipoonekana, hana cha kumpa. Wanaitaka ile nta upesi, maana kifua cha yaya hakiwezi kutobolewa tena.

Mungu wangu, nta iko chini ya udongo! Mvua ilikuwa haikatiki, na mchwa wa uwanja wetu wanakula hata milango. Mama alitoka nje kwenye mvua. Alichukua jembe, akaliweka chini, akachimba kwa mikono asije akaivunja. Yaya alikaa mlangoni akitutazama. Nilishindwa kumwangalia.

Nta ilitoka nzima, imejaa tope. Niliiosha, nikaifunga kwa kitambaa nimpelekee dokta. Kabla sijaondoka mama akanishika mkono.

"Uwaambie wasiirudishe tena," akasema. "Mutoto wangu siwezi kumuzika mara mbili."

Jibu bado tunalingoja. Simu yangu ikilia, yaya anabana kikohozi ili nisikie vizuri.