Mstari wa Kumi na Tano

Mama mkubwa wangu ni fundi cherehani, na kabla sijafika kwenye hasira zangu acha nianze na kazi yake, maana hasira zenyewe zilianzia hapo.

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Kina cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, meza ya kukatia iliyotiwa kipande cha kigae chini ya mguu mmoja isitikisike, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pasi inayomuunguza kila asiyeijua. Ni dada mkubwa wa mama yangu, mjane, na mtaa mzima unamwita Fumua. Ukienda kuchukua gauni lako hakukabidhi mara moja. Analigeuza ndani nje mbele ya macho yako, anapitisha kidole kwenye kila mshono, na akikuta mmoja umekwenda upogo anachukua wembe anaufumua, hata kama harusi ni kesho na bibi harusi mwenyewe amesimama pale machozi yanamlengalenga. "Afadhali ulie hapa kuliko ulie ukumbini," anamwambia. Watu wanamsema, halafu wanarudi.

Vitabu navyo anavisoma hivyo hivyo. Kikundi cha akina mama kanisani kwao kila mwaka kinachagua kitabu kimoja cha kusoma pamoja, na kwa miaka tisa kazi ya kukipitia kwanza walimpa yeye. Nasema vile vitabu vya wanawake vinavyopangwa mezani nje ya mlango wa kanisa: jalada linametameta, mwanamke kavaa viatu virefu, na nyuma kuna picha ya mtunzi amekaa kwenye kiti kama yuko ikulu. Mama mkubwa anaweka kitabu kulia na Biblia kushoto. Kila andiko likitajwa analifungua, kisha anasoma mstari uliolitangulia na mstari unaolifuata. Pasipokaa sawa, anachoma pini kwenye ukurasa. Kuna kitabu kimoja alikirudisha kwa mwenyekiti kina pini nyingi hadi hakifungiki.

Hicho kilikuwa kinawafundisha wake wajipake mafuta na manukato kwa miezi kumi na miwili kama Esta ili wawashike waume zao. "Wale walikuwa wasichana waliokusanywa wakapelekwa kwa mfalme," alisema, na pini mdomoni. "Nani aliwauliza kama wanataka? Huyu mwandishi kaona manukato tu." Kingine kilimsifu yule mke wa Mithali thelathini na moja kwa kuamka mapema, kikaruka pale anapokagua shamba na kulinunua kwa akili yake mwenyewe. Pini. Msidhani alikuwa anakataa kila kitu. Kuna kijitabu cha mama mmoja aliyefiwa, jalada baya kama la daftari, alikipitia chote na hakuchoma hata pini moja. Alikifunga akasema, "Hiki kimekaa," na kwa Fumua hakuna sifa iliyo juu ya hiyo.

Sasa mwaka huu. Mwezi ambao kikundi kinachagua kitabu ndio mwezi shule zinafunguliwa, na yeye alikuwa amezama kwenye sare za watoto hadi kifuani. Mwenyekiti wa kikundi, mama mmoja mwenye sauti tamu na majibu ya kila jambo, alikuja na kitabu kinaitwa *Mke Anayenyamaza*. Mama mkubwa hakukifungua. "Mmekisoma?" aliuliza. "Tumekisoma, kimetubariki sana," mwenyekiti akajibu. "Basi endeleeni." Hivyo tu. Mtu asiyeuamini mshono wa fundi mwenzake aliamini kwa neno moja.

Na si hilo tu. Mwenyekiti alimwachia karatasi yenye maneno ya kudarizi kwenye vitambaa vya kichwa arobaini, vya sherehe ya kikundi. Maneno yametoka sura ya sita ya hicho kitabu: BWANA ATAKUPIGANIA, WEWE NYAMAZA. Chini yake, Kutoka 14:14. Mama mkubwa alidarizi vyote arobaini kwa uzi wa dhahabu, herufi moja moja, na nawaambia kazi ilikuwa safi. Biblia ilikuwa rafuni, hatua mbili kutoka kwenye cherehani.

Kimoja cha hivyo vitambaa kilikuwa cha mama yangu.

Niseme wazi kwa sababu nimechoka na watu kuzungukazunguka. Baba yangu anampiga mama yangu. Alianza mimi nikiwa shule ya msingi, na leo nina kazi yangu na chumba changu cha kupanga na bado anampiga. Mama alikuwa na kawaida ya kukimbilia kwa jirani. Mwaka huu hakukimbia. Sura ya sita inasema mke akipigwa au kutukanwa anyamaze siku arobaini, asimwambie mtu, asitoke, asubiri Bwana apigane. Mama alifika siku ya kumi na saba. Siku hiyo baba alimvunja mkono mahali pawili, juu kidogo ya kifundo, na jirani ndiye aliyempeleka hospitali, mama mwenyewe alikuwa bado ananyamaza.

Akatoka hospitali kwenda kwa dada yake. Nilifika pale baada ya kazi nikamkuta ameketi kwenye benchi la wateja, mkono una plasta, umening'inizwa shingoni kwa kile kitambaa. Alikuwa amekikunja pembe tatu akakifunga mwenyewe. Maneno ya dhahabu yalikuwa yamepita sawasawa juu ya plasta. Mama mkubwa alikuwa amesimama mbele yake na futi shingoni, anautazama mshono wake mwenyewe, na sijawahi kumwona ametulia vile.

"Nani alikwambia usikimbie?" alimuuliza.

"Dada, kwani hukusoma? Wewe ndiye uliyedarizi."

Mama hakusema kwa ubaya. Mama yangu hajui ubaya. Ndiyo maana nilitamani kuvunja kitu, na kilichokuwa karibu ni kile kioo, na kioo hakikuwa na kosa.

Mama mkubwa alikwenda rafuni akachukua Biblia. Alisoma wa kumi na tatu, akasoma wa kumi na nne, akasoma wa kumi na tano. Akarudia. Kisha akakaa kwenye kiti cha cherehani akaweka mikono mapajani. "Mjinga mimi," alisema. "Mjinga mkubwa. Miaka tisa nachoma pini vitabu vya watu."

"Kuna nini?" nikauliza.

"Njoo usome mwenyewe, mwanangu. Usichukue neno la mtu. La kwangu pia usilichukue."

Nikasoma. Kumbe wale watu walioambiwa wanyamaze walikuwa tayari wameshatoka. Nyumba ya mtesaji wao iko nyuma, wameiacha, farasi wake wanawafuata, na mbele ni maji. Na mstari unaofuata, ule ambao mtunzi wa kitabu hakuugusa, Mungu anamuuliza Musa mbona anamlilia, awaambie watu waende mbele. Si warudi, si wakae palepale. Waende. Niliusoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Mama alikuwa anasikiliza. Akasema taratibu, "Lakini nimeshakubali. Jumapili baada ya ibada wanakuja kunichukua. Baba yako ameomba radhi mbele ya mwenyekiti. Kikundi kitanisindikiza." Tulikuwa Jumanne. Mama mkubwa hakumbishia, akachukua sare akaendelea kushona. Alimjua mdogo wake: ukimvuta huku anakwenda kule.

Alhamisi mchana kikundi kilikuwa na kikao chao kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, na mimi niliomba ruhusa kazini nikaenda naye. Wanawake wamekaa kwenye viti vya plastiki, vitambaa vya dhahabu kichwani, arobaini kasoro mmoja. Mama mkubwa hakusalimia kama inavyopasa. Aliweka kitabu mezani. Alikuwa amekisoma chote kwa siku mbili, na pini zimesimama kila upande.

"Nimekuja kuchukua vitambaa vyangu," alisema. "Nimevishona vibaya."

Mwenyekiti akacheka kidogo. "Mama Fumua, vimeshonwa vizuri sana. Kaa kwanza."

"Uzi uko vizuri. Maneno ndiyo mabovu. Nani humu amesoma mstari wa kumi na tano?"

Hakuna hata mmoja. Nilitaka kuwacheka nikakumbuka hata mimi niliusoma juzi.

Mwenyekiti si mtu wa kushindwa kirahisi, na Biblia anaijua. "Petro anasema wake wawatii waume zao," alisema. "Sara alimwita Abrahamu bwana. Hilo nalo utalifumua?"

"Silifumui. Liko, nalisoma. Ila huyo Sara siku alipomwambia mumewe jambo gumu, mume akachukia, Mungu alimwambia Abrahamu nini? Alimwambia amsikilize mkewe, yote atakayomwambia. Mwanzo ishirini na moja. Kitabu chenu kinacho hicho? Na Abigaili je? Mumewe mpumbavu alikuwa karibu kuiponza nyumba nzima, yeye akatandika punda akaenda kuwaokoa, wala hakumwambia mumewe kitu. Alikemewa? Alisifiwa."

"Tunazungumzia Petro," mwenyekiti akasema.

"Haya, Petro. Kitabu kimenukuu sura ya tatu, mstari wa kwanza mpaka wa sita. Kikasimama. Soma wa saba."

Mwenyekiti alifungua Biblia yake. Nilimwona akiusoma kwa macho tu. Pale mume anaambiwa akae na mkewe kwa akili, ampe heshima, la sivyo maombi yake yatazuiliwa. Hakuusoma kwa sauti. Aliifunga Biblia akasema kikao kina ajenda nyingine, na kwamba mambo ya ndoa ya watu yana faragha yake.

"Faragha," mama mkubwa alisema. "Mkono wa mdogo wangu umevunjika mahali pawili. Mkamrudishe Jumapili na huo wimbo wenu wa kunyamaza, halafu mtashona sanda. Hiyo msiniletee mimi."

Alitoka, nami nikamfuata. Tulikuwa tumefika getini wanawake sita wakatufikia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ana kitambaa chake mkononi. Sita kati ya thelathini na tisa, na hasira zangu hazikupungua hata kidogo.

Mama yeye hatukumsukuma. Jumamosi nzima alikaa kwenye benchi anamtazama dada yake akifumua. Kudarizi ni kazi, lakini kufumua dhahabu kwenye kitambaa chepesi bila kukichana ni kazi zaidi. Jioni mama alivua kile cha shingoni mwenyewe, akaushikilia mkono wake uliovunjika kwa ule mzima, akasema, "Na hiki." Kilipomalizika akakifunga tena. Matundu ya sindano yalibaki, ukikisogeza kwenye mwanga unayasoma maneno yote.

Jumapili wakaja. Baba kavaa shati lililopigwa pasi, mzee mmoja wa kanisa, na mwenyekiti na kitambaa chake kichwani. Chumba kikajaa. Baba alimwamkia mama mkubwa kwa adabu zote, "Shikamoo shemeji," na mimi nikageuza uso nisimtemee mate.

"Mama watoto, twende nyumbani," akasema.

Mama alikuwa na Biblia pajani. "Soma kwanza," akamwambia. "Kutoka kumi na nne, kumi na nne."

Baba hakuipokea. Akatabasamu kumwelekea mzee wa kanisa, akaukariri wote kwa kichwa, maana anaujua. Anaujua vizuri. Mama alituambia baadaye kwamba alikuwa anamkumbusha huo mstari kila akimpiga, ili asipige kelele.

"Endelea," mama akasema.

"Niendelee nini?"

"Mstari unaofuata."

Hakuujua. Ikabidi aichukue Biblia, atafute ukurasa, watu wote wanamtazama. Alianza kusoma kwa sauti ya kanisani, na alipofika pale pa watu kuambiwa waende mbele sauti ikapungua, akasimama katikati. Mzee wa kanisa akainama kutazama viatu vyake.

"Umesikia," mama akasema. "Basi mimi sirudi nyuma."

Baba aliitupa Biblia kwenye meza ya kukatia, akaniangalia mimi kama mimi ndiye niliyeiandika, akatoka. Mzee wa kanisa akamfuata haraka haraka. Mwenyekiti hakutoka. Alibaki amesimama karibu na pasi, yule mwenye majibu ya kila jambo, na nilikuwa nimeshaandaa la kumwambia, nalo halikuwa zuri.

Akainua mikono akafungua kitambaa chake cha kichwa. Juu ya sikio, mahali nywele zinapoanzia, alikuwa na kovu refu la zamani, halina nywele. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Alikikunja kitambaa, akakiweka mbele ya mama mkubwa.

"Nifumulie na mimi," alisema. "Nimenyamaza miaka ishirini na mbili."

Mama mkubwa alimvutia kiti, kisha akaanza kutafuta wembe wake.