Mabao Yangu Mawili ya Kampala

Saa nne na dakika ishirini asubuhi nilikaa mbele ya televisheni mjini Kampala, kwenye mashindano ya michezo ya zamani ya kandanda ya video. Nilikuwa nimejizoeza nyumbani Isiolo miaka mitatu, kila mbinu nikiiandika daftarini. Na mke wangu Halima tulikubaliana: nikishinda mechi ya kwanza, beberu wetu achinjwe, nikishindwa, auzwe afidie nauli.

Nilikagua vitufe vyote vya padi ya kuchezea, nikaanza. Nilibonyeza, mshambuliaji akapiga, bao. Baadaye, la pili. Filimbi ilipolia nikampigia Halima.

"Alhamdulillahi, Baba Abdi! Wacha nimwite mchinjaji."

Nilikuwa naandika bao la pili mwamuzi alipokuja na mtu.

"Mzee, mpinzani wako huyu, amefika sasa hivi."

"Nimeshashinda, mbili bila," nikasema, nikimwonyesha daftari.

Mwamuzi aliinama, akaokota sakafuni ncha ya waya wa padi yangu.

"Hii haijachomekwa, mzee. Mashine ilikuwa inajichezea yenyewe."

Mechi ya kweli nilifungwa sita bila. Nilipompigia Halima tena alasiri, majirani wa mtaa wetu wa Bulla Pesa walikuwa wamemaliza nyama, wamefikia supu. Beberu huyo alikuwa na mnunuzi tayari, kwa shilingi elfu kumi na mbili.