Mtungi wa Maziwa Si Chupa ya Chai

Habari ilinikuta Jumanne asubuhi soko la maziwa, mtoto mgongoni. Mwenzangu alikata simu akanigeukia: "Abaayo, dada yangu, adeer ameenda." Adeer, yaani ami, ndivyo tulivyomwita mzee mmoja aliyekuwa afisa wa forodha hapa, ingawa alikuwa Mkristo wa nyanda za juu na sisi ni Wasomali wa Garissa. Alikuwa amefia kwao. Sikulia. Nilikasirika, maana ametuachia kazi haijaisha.

Wasomaji wangu mnazijua hasira zangu; yeye alizionja mapema. Sisi akina mama wauza maziwa ya ngamia tulikuwa tumechanga tukaagiza kutoka ng'ambo mitungi ya chuma yenye kuta mbili, ile inayozuia joto, kwa sababu maziwa ya Modogashe yakisafiri kwenye jerikeni za plastiki, hapa yanafika ya kumwaga. Forodha wakaitoza ushuru wa juu kama vyombo vya nyumbani. Nikaingia ofisini kwake, mtoto analia, nikamwuliza kama anajua wanangu wanakula nini maziwa yakimwagwa. Akanivutia kiti. "Kitabu cha ushuru kinasema hii ni sawa na chupa ya chai," akasema. "Sikukiandika mimi. Lakini kila mwaka kuna watu wanaenda kuomba kirekebishwe. Nyinyi mlikuwa wapi?" Nilitoka namlaani hadi barabarani.

Alipostaafu hakurudi kwao mara moja. Alikuja sokoni na gazeti kwapani, akanywa maziwa yetu na sukari isiyo na kiasi, akatufundisha. Ushuru haushuki na mvua, alisema. Kabla ya bajeti serikali hupokea maombi, kisha mawaziri wa nchi jirani hukaa wakakubaliana. Malighafi na mashine kwa kawaida hutozwa kidogo au husamehewa. Bidhaa iliyokamilika hutozwa zaidi ili viwanda vya nyumbani visizame. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba mwenye kiwanda ana wakili wa kumwombea, na mama wa jerikeni hata tangazo halioni. Mtungi ambao hakuna anayeutengeneza nchini unatozwa hivyo kumlinda nani?

Barua yetu ya kwanza ilikuwa kurasa nne: ukame, karo, waume waliofuata mifugo Kutulo wakasahau njia ya kurudi. Mzee akaikata kwa kalamu nyekundu ikabaki mistari sita. Mmoja wetu akamwambia, "Adeer, umetuchinjia ngamia ukatubakishia kwato." Alicheka hadi maziwa yakampalia, kisha akasema ukame wanaujua, waambieni kitu ni nini, kazi yake ni nini, na kama kuna anayekitengeneza hapa. Mwaka ule hatukujibiwa. Uliofuata pia.

Sasa mazishi yakapangwa Alhamisi, na Alhamisi hiyohiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maoni ya bajeti, ukumbini hapa Garissa. Kwetu msiba hauachwi. Tulibishana mpaka chai ikapoa, wengine wakisema nina moyo wa jiwe. Mwishowe wawili walipanda basi na rambirambi zetu, sisi wengine tukabeba mistari sita na mtungi mmoja uliojaa maziwa ya juzi kutoka Modogashe. Afisa akasema, "Mama, acha barua tu, chombo rudisha nyumbani." Nikakitua juu ya meza yake, nikafungua kifuniko, nikammiminia kikombe. Yalikuwa bado baridi.

"Onja," nikamwambia. "Halafu andika ni chupa ya chai."

Akaonja. Akavuta karatasi. Alichoandika tutakijua bajeti ikisomwa. Mimi nimejifunza jambo moja, nalo nimechelewa kumwambia aliyenifundisha: hasira yangu ilikuwa ya haki tangu siku ile ofisini, lakini usipoiweka haki yako mezani kabla ya tarehe, mwingine atakaa pale aipe jina analotaka yeye.