Swali Nililouliza Darasani

Ilikuwa sauti ya mtu anayeguna. Tulikuwa tumemgeuza marehemu ubavu, siku yangu ya kwanza ya kuosha maiti mjini Kitui, nami nikaangusha jagi na kukimbilia mlangoni. Nilikuwa mwalimu mwenye shahada ya uzamili ya biolojia.

"Rudi hapa, msomi!" akaniita Mwoshaji Mkuu, mama Mkamba aliyesilimu kabla sijazaliwa. "Ni hewa imetoka kifuani. Hata wewe tukikugeuza utaguna."

Nikarudi. Alinifunza kuanza upande wa kulia, kuosha mara witiri, yaani tatu au tano, na kutia kafuri katika maji ya mwisho. Alinifunza pia kwamba lionekanalo kwenye ubao wa kuoshea halitoki chumbani.

Mwaka wangu wa tatu tulimwosha mke wa muuza nguo, mwanamke wa Nunguni aliyesilimu alipoolewa. Katika pindo la gaguro lake nikapapasa kitu kigumu: msalaba mdogo, umeshonewa ndani.

Mwoshaji Mkuu akaufumbata. "Umeona nini?"

"Msalaba."

"Umeona maji na sabuni, Mwalimu. Moyo wake hatukuupasua."

Nilitii kwa ulimi, akili haikutulia. Ningeweza kumwuliza sheikh faraghani. Badala yake, siku iliyofuata, katika darasa la dini la akina mama kule Matinyani, niliuliza "kwa mfano tu": mtu akifa Mwislamu, kisha akapatikana na msalaba nguoni, hukumu yake ni ipi? Sikutaja jina. Mimi, niliyezoea kufikiria kila kitu mara tatu, sikufikiria kwamba wiki ile tulikuwa na msiba mmoja tu.

Siku ya hitima, binti wa marehemu, Zaituni, alisimama kando ya sufuria tatu za pilau. Wanawake tuliofika tulikuwa wanne.

"Kwani huko kwa wenzenu kunanyesha?" akaniuliza. Jua lilikuwa kali.

"Pakua tu, mama," nikamwambia.

Baadaye alijua kwamba sababu ni swali lililoulizwa Matinyani. Aliyeliuliza hakumjua.

Nilihamishiwa shule ya Sultan Hamud, na kazi ya kuosha ikanifuata. Kiongozi wa akina mama pale alinitambulisha hivi: "Huyu hana mdomo." Sifa hiyo niliipokea kwa miaka kumi na minane. Nilifunga Jumatatu na Alhamisi, mara nyingine nikijiuliza kama nafunga au najificha. Niliwafundisha waoshaji wapya kwamba haki ya Mungu huombewa toba, lakini haki ya mja huombwa msamaha kwa mja mwenyewe. Nililifundisha somo hilo vizuri sana.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza ni nini kilicho kigumu katika kazi ile. Hutarajia niseme harufu.

Juzi asubuhi nilimpigia Zaituni simu.

"Lile swali la Matinyani," nikasema, "lililokukosesha watu wa hitima ya mama yako. Niliuliza mimi."

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

"Ngoja, Mwalimu," akasema. "Wacha nizime moto kwanza, nikae."