Koti Lililovuka Barabara Bila Mwenyewe

Niliona koti la shemeji yangu likivuka barabara, na ndani yake hakuwemo shemeji.

Naandika polepole, nisiruke mshono.

Mimi ni fundi cherehani. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia mshono mmoja mmoja, mpaka nikajua kwa nini kila kipande kimekatwa vile kilivyokatwa.

Koti lile nililishona mimi. Shemeji, mume wa dada yangu, alibeba magunia tangu ujana, bega lake la kushoto likashuka. Makoti ya dukani yalimfanya aonekane kama amening'inizwa vibaya. La kwake nikalijaza pamba zaidi upande wa kushoto. Akilivaa, ananyooka.

Sasa mwanamume niliyemwona barabarani mabega yake yalikuwa sawasawa. Pamba yangu ilikuwa imemfanyia kinundu begani kushoto.

Nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa namsindikiza dada kwa binti yake, anayeishi nchi ya mbali na alikuwa karibu kujifungua. Mpwa wangu huyo alishapoteza mimba mbili. Hii ya tatu tuliizungumzia kwa sauti ya chini, kama vile ingesikia.

Tiketi tuliyopata ilitushusha katika mji mmoja asubuhi, tusubiri hapo ndege ya pili mpaka jioni.

Na mji huo ndiko alikokuwa akifanya kazi shemeji, katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli.

Ungetegemea aje uwanjani kumwona mkewe, sivyo? Hata mimi. Lakini aliandika ujumbe kwamba wiki hiyo wamempeleka kikazi mji mwingine.

Aliandika. Kupiga simu alishaacha. Mara spika ya simu imekufa, mara kazini kuna kelele. Kila jioni ujumbe unaingia, sauti hakuna.

Mafundi wenzangu walishamaliza kesi. "Kaka, huyo kaoa huko. Mwanamume akianza kuandika kuliko kuongea, ujue kuna mtu amelala pembeni yake."

Mimi nguo siisemi mpaka niigeuze ndani nje.

Uwanjani dada alivua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, vidole vimebanana.

"Nenda kaone mji, mdogo wangu," akasema. "Au utakaa hapa kunihesabia vidole?"

"Nikuache peke yako?"

"Nina kiti, nina maji, na choo kile pale. Kuna ndoa hazina hata hivyo vitatu."

Nikacheka. Akanipa mfuko.

"Ukipita karibu na kazini kwake, acha hili."

"Si hayupo?"

"Mpe utakayemkuta."

Ndani kulikuwa na sweta. Alilifuma mwenyewe, muda mrefu, na hakuniomba kipimo hata kimoja. Hilo lilinishangaza kidogo, kisha nikalisahau.

Afisa wa uhamiaji akanigongea mhuri, nikapanda basi.

Niliuona mji. Niliona mnara wenye saa iliyosimama, na watu chini yake wakitazama saa zao za mkononi. Nilipiga picha daraja, nikapiga na kidole changu. Nilikaa kwenye uwanja wenye chemchemi na watalii wengine, nikijifanya natabasamu.

Lakini roho haikuwa pale. Utalii ulikuwa kisingizio. Nilitaka kusimama ng'ambo ya kile kiwanda, nione kama shemeji atatoka mlangoni akiwa na maisha mengine. Na kama ni hivyo, nijue nitamwambia nini dada.

Nikaenda, nikasimama. Ndipo koti likatoka mlangoni.

Likavuka barabara, likanunua mkate, likaanza kurudi.

"Shemeji," niliita, ingawa nilishajua siye.

Akageuka. Mtu mrefu, mdogo kwangu kidogo kwa umri. Alinitazama usoni, akatazama mfuko, akatazama mikono yangu.

"Wewe ndiye fundi," akasema. Kwa lafudhi, mtu wa kwetu kabisa.

"Mwenye koti yuko wapi?"

"Njoo ndani, kaka. Hapa nje siwezi."

Tuliingia chumba cha pasi. Joto na harufu ya sabuni vilitupokea mlangoni. Mashuka yalikuwa yakimezwa na roli la mashine ya pasi upande mmoja na kutoka upande wa pili yamenyooka. Wenzake walimwita Mrefu. Alinikalisha juu ya rundo la taulo, yeye akabaki amesimama.

"Mzee alifariki," akasema. "Kifua. Alikohoa kipindi chote cha baridi, ukimwambia apumzike anakufukuza. Tulikuwa chumba kimoja. Tumemzika sisi wa kazini."

Nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Na meseji?"

Akainamisha kichwa. "Mimi."

Nilishika taulo kwa mikono miwili. Ngumi ilikuja, nikaikalia.

"Unamwandikia dada yangu kila jioni, unamwita 'mke wangu'?"

"Aliniomba, kaka. Alisema binti akisikia baba yake amekufa, na hii mimba itatoka. Na mama yake hajui kuficha, uso wake unasomeka kama bango. Niandike mpaka mtoto azaliwe, kisha nipige simu niseme ukweli. Mtu anakata roho, utamjibu nini?"

"Ungeniambia hata mimi."

"Nilishika simu mara nyingi." Akaminya mkate wake mpaka ukapasuka. "Nikwambie kweli? Mwanzo niliandika kwa ajili ya mzee. Baadaye nikawa nikitoka kazini nakimbilia simu. Mimi sina mtu wa kuniuliza nimekula nini."

Nilimtafutia hasira ya kumtosha, sikuipata. Huruma nayo haikukaa vizuri. Nikampa mfuko, kwa sababu nikirudi nao dada angeuliza.

"Amesema nimpe nitakayemkuta."

"Siwezi kulichukua. La mzee hili."

"Vaa," nikamwambia. Sijui kwa nini. Labda mazoea ya kazi tu: nguo mpya nataka kuiona mwilini.

Akavua koti, akavaa sweta.

Nikainuka kutoka kwenye zile taulo.

Lilimkaa. Mikono ilifika kwenye vifundo, na shemeji alikuwa mfupi. Nikapitisha kiganja mabegani, kushoto, kulia, tena kushoto. Sawasawa. Dada alilala pembeni ya lile bega lililoshuka tangu usichana wake. Hawezi kulisahau.

"Alikuuliza vipimo?"

"Aliuliza. Nilikuwa nimechoka, nikachukua futi nikajipima harakaharaka, nikamtumia." Akatazama mikono ya sweta. "Nilijipima mimi."

Tukatazamana. Roli lilikuwa likiendelea kumeza mashuka.

Alinikunjia koti, akanisindikiza mpaka kituoni. Njiani akanieleza kaburi lilipo, akaahidi kutupeleka tukirudi. Kwenye basi nilitunga maneno ya kumwambia dada, nikayafumua, nikatunga mengine.

Nilimkuta pale pale. Aliliona koti mkononi mwangu kabla hajaniona mimi.

"Limemkaa?" akauliza.

Hakuuliza nani.

"Limemkaa."

"Mikono?"

"Mpaka kwenye vifundo."

Akachukua koti, akalilaza mapajani. Vidole vikatafuta ile pamba ya kushoto, vikaifunika, kama anavyoshikwa mtu begani. Uso wake haukusogea. Nikakumbuka habari ya bango.

"Ulijua kwa vile vipimo?"

"Nilijua kabla, tangu sauti ilipokatika. Vipimo vilininyang'anya tumaini."

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ningesema, ningelia. Na mwanangu ananipigia simu ya video kila asubuhi, ananiangalia usoni." Akalikunja koti upya, ingawa lilikuwa limekunjwa. "Shemeji yako alinijua mambo mengi. Hilo moja hakulijua."

"Na yule ukaendelea kumjibu."

"Alinitakia usiku mwema kila siku. Na kila nikimuuliza amekula nini, alikuwa anachelewa kujibu. Nikasema huyu, awe nani, hajazoea kuulizwa."

Baadaye kidogo akaniuliza mzee amezikwa wapi. Nikamwambia ni nje kidogo ya mji, na Mrefu atatupeleka tukirudi.

"Sawa. Tutakuja na picha ya mjukuu wake. Mpaka hapo, shemeji yako yuko kazini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Wakati wa kupanda ndege simu yake ikalia. Ujumbe wa kila jioni, ila leo haukuanza na 'mke wangu'. Alinipa nisome.

"Safari njema, mama. Limenikaa."

Dada akavaa lile koti. Pamba ikamfanyia kinundu upande wa kushoto, na mikono ikamfunika vidole. Tukapanda. Ndege ilipopaa aligeukia dirishani, akaingiza uso ndani ya kola, akalia bila sauti. Nilimwacha alie. Ilikuwa nafasi yake ya kwanza.

Mtoto alizaliwa salama. Mpwa wangu alipopata nguvu tulimweleza yote. Alitukasirikia, mimi, mama yake na hata marehemu, na mpaka leo hajamaliza. Sidhani kama ana kosa.

Mimi nilichobaki nacho ni hiki. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mnayemficha jambo zito kwa sababu mnamwona dhaifu, mtazameni tena, taratibu. Huenda alishalijua siku nyingi, na yuko jikoni peke yake, amelibeba, anaogopa nyinyi ndio mtavunjika.