Phébé aliyekataa jani

Phébé alikuwa anakata mti akiwa amechuchumaa. Sisi wengine tulisimama, tukapiga shoka pale mkono unapofika bila kuumiza mgongo, na kisiki kilibaki kirefu kama mtoto wa miaka mitano. Yeye alishuka mpaka karibu na udongo, halafu akamaliza kwa panga, akaulaza mkato upande mmoja kama paa la nyumba, maji ya mvua yasikae juu yake. Tulimcheka. Mimi nilimcheka kuliko wote.

Naitwa Feza. Ninaandika habari hii kwa sababu siku hizi mabwana wa mbao wamerudi Kamina, na kanisani wametuuliza sisi wamama tuliokata miti: ni vizuri sosiete, yaani kampuni za mbao, zitafute karatasi ya kushuhudia kwamba hazikuharibu pori? Wengine walijibu palepale, ndiyo ao hapana. Mimi nilisema nitaandika. Shule nilikaa miaka miwili tu, basi mnivumilie.

Phébé alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne, njo maana nilimwita yaya, dada mkubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Waume wetu walichoma makala, makaa ya kupikia, pamoja, wakafa mwaka mmoja, na sisi tukashika shoka. Mimi nilikuwa na pori langu ng'ambo ya kijito. Yeye alikuwa na kilima cha miti ya misamba, upande wa reli ya Bukama, ambacho chefu wa inchi, mkubwa wa ardhi yote, alimpa mume wake. Alikigawa kilima vipande vipande. Akishakata kipande kimoja, alikiacha, na hakurudi humo mpaka mtoto aliyezaliwa mwaka ule aote ndevu. Moto wa pori ulipokuja, alilala huko akiuzima na matawi.

Jani nililianza mimi. Hilo sitamwachia mtu mwingine.

Ilikuwa 1993, mwaka ule watu waliofukuzwa walilala kwenye gare, pale stesheni, na vyombo vyao wakingoja treni ya Kasai. Njaa ilikuwa kila nyumba, na kila mtu akawa mchoma makala. Walichoma hata zile mbao za chini ya reli zenye mafuta, na ukipikia makala yake, bukari, ugali wetu, inanuka gari la moshi. Wake za askari kule base, kambi ya jeshi, walikuwa wamechoka kudanganywa. Mama Bokungu, mmoja wao, mtu wa Équateur, mwenye mdomo kama wembe, alifungua saki yangu, gunia la makala, katikati ya soko akanusa.

"Mama, hii makala ilitoka mu muti ao ilitoka mu treni?"

Watu wakacheka. Mimi Feza, kuchekwa! Nilirudi porini, nikavunja chipukizi moja kwenye kisiki changu, lenye majani machanga mekundu, nikalichomeka kwenye mdomo wa saki. Kesho yake nikamwambia:

"Angalia. Muti ilianguka, lakini mutoto wake iko muzima. Minyi siuwe pori."

Alinunua, na alinunua tena. Kabla ya mvua kwisha, soko lote lilikuwa na majani mekundu, na saki isiyo na jani ilikaa mpaka jua linaingia. Saki za Phébé zilikaa.

"Yaya," nikamwambia, "weka jani. Bantu banakupita tu."

"Minyi nivunje mutoto mukono, juu ya kuonyesha bantu kama nilizaa?"

"Kisiki kimoja inatoa machipukizi kumi! Ukitoa moja, itakufa?"

"Weye hautoe moja. Muti moja inajaza saki ngapi? Kila saki inaomba yake. Tena unachagua ile nzuri, ya kunyooka, juu inapendeza. Bilema njo unaachia pori."

"Iko wivu tu unasema."

"Eh, iko wivu. Niko na wivu ya bisiki."

Nilikwenda zangu. Mwezi mzima nilimpita njiani bila kumwamkia.

Vita ilikuja 1997, ikapita, na base ikapata askari wengine. Nyuma yao akaja Amédée na sosiete yake. Alipeleka mbao Lubumbashi na makala base. Alikuwa amesikia kwamba wanunuzi wa ng'ambo hawapendi tena mbao isiyo na karatasi ya pori. Alipoona majani yetu alifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe. Akatangaza: saki bila jani, sosiete hainunui. Mbao nazo akazifunga majani. Mimi akanifanya mkubwa wa wamama wa jani, na nilitembea sokoni kifua mbele.

Phébé akabaki kuuza makala kidogo kidogo mlangoni kwake, kwa majirani wanaotaka kuchemsha maji. Kwake kulikuwa na watoto wa ndugu waliokimbia kutoka Malemba. Walikula mara moja kwa siku. Halafu Amédée akaenda kwa chefu wa inchi, akamwambia kilima kile kinalala bure. Chefu akatoa neno: kama Phébé hajaleta makala kwa sosiete mpaka mwisho wa kiangazi, kilima kitakwenda kwa wenye kukitumia.

Siku ile alikuja kwangu. Alikaa, akanywa maji.

"Feza, kile kipande ya kwanza kabisa, tulikata na marehemu. Kimebakiza miaka mbili ya kukatwa tena."

Hakuniomba kitu. Akasimama, akaenda. Nilibaki na kikombe chake mkononi, nikijiambia kwamba ni kiburi chake kinamuua, si jani langu.

Mwezi wa sita, 1998, agronome, mtaalamu wa miti, akatoka Lubumbashi kuangalia pori kabla ya kutoa karatasi. Jina lake Ézéchiel, kijana wa miwani, mpole. Amédée alimleta moja kwa moja kwenye pori langu, njo lilikuwa la mfano. Nilivaa kikwembe cha Pasaka. Nilitembea mbele nikisema hiki kisiki changu, na hiki, na hiki.

Ézéchiel alichuchumaa. Sikupenda kuona hivyo. Alitoa kisu kidogo, akakwaruza ganda. Ndani kulikuwa kukavu, rangi ya ugoro. Akaenda kingine: mchwa. Kingine kilikuwa na vijiti viwili vilivyopinda, vyembamba kama vidole vya mgonjwa.

"Mama, hapa machipukizi bilienda wapi?"

Yalikwenda sokoni. Miaka mitano nilipita humo kila juma, na macho yangu yalitafuta jani tu, kisiki sikukiangalia. Na wale walioua visiki vyao kabisa walikuwa wanakuja kwangu kuiba majani, ili waonyeshe kwamba visiki vyao ni vizima.

"Bwana agronome," Amédée akasema haraka, "jua iko kali. Twende tukule. Majani umeona mwenyewe kwa depo."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilimwona kijana yule akirudi Lubumbashi na kusema kwamba wanawake wa Kamina hawajui kukata mti. Hilo lilinichoma kuliko aibu yangu.

"Kuko kilima ingine," nikasema. "Haina mbali."

Phébé alikuwa huko, anafagia majani makavu ili moto usipate njia. Aliona viatu vya watu wa mjini, akaegemea panga lake. Ézéchiel alitembea kipande kwa kipande: hapa machipukizi ya magoti, hapa ya kifua, kule ya kwanza kabisa miti ya kupita nyumba, kila mmoja na kovu la kisiki cha zamani mguuni. Halafu akanyoosha mkono avunje tawi moja apeleke mjini.

Phébé alimpiga kofi mkononi. Pa!

"Mama!" Amédée akapiga kelele.

"Mutoto wa bantu," Phébé akamwambia Ézéchiel, "unataka kuonyesha bakubwa yako? Bakuye hapa benyewe. Njia iko."

Ézéchiel alishika mkono wake akacheka. Akatoa karatasi, akaandika juu ya goti, akaomba Phébé atie kidole. Phébé alinitazama mimi.

"Feza, weye njo ulisoma. Soma kwanza."

Ilikuwa Kifaransa. Sikukijua, na watu wote walinitazama. Lakini majina ni majina. Nilipitisha kidole mstari kwa mstari, nikatoka jasho. Nililipata jina la kilima. Nililipata jina la Amédée, na la sosiete yake. Nikarudia kutoka juu mpaka chini.

"Yaya, weye hauko humu."

"Ni utaratibu tu," Amédée akasema. "Karatasi inaombwa na sosiete. Huyu mama hata jina lake hawezi kuandika."

"Basi sitie kidole," Phébé akasema, na akarudi kufagia.

Ézéchiel akakata kwa mstari jina la Amédée na la sosiete, akamwuliza Phébé jina lake na la marehemu, akayaandika. Jioni ile alipita kwa chefu wa inchi, akamwambia mbele ya Amédée kwamba katika mapori yote aliyoona, linalotumiwa kweli ni lile la Phébé. Chefu ni mtu wa kusikia. Kilima kikabaki kwa Phébé. Amédée hakuniamkia tena, na sikulia.

Miezi miwili baadaye vita ikawaka upya. Amédée akafunga depo akaenda. Ile karatasi inalala wapi, sijui. Base ikajaa askari kuliko zamani, na wote wanakula vya kupika. Wakapanda kilima na shoka zao, bila kuuliza mtu, wakaingia kwenye kile kipande cha kwanza. Walikata usawa wa kifua, wamesimama, mti unaanguka unapasuka, kisiki kinabaki kimechanika.

Phébé hakupiga kelele, ungempigia nani? Walipokwisha kushuka, alipanda na shoka na panga, akachuchumaa kwenye kila kisiki, akakikata upya chini na kukilaza upande. Siku ya tatu nilimfuata na shoka langu. Nilianza kisiki cha kwanza nikiwa nimesimama.

"Chuchumaa, Feza," akasema bila kugeuka.

Mgongo ulilia, lakini nilichuchumaa. Tulifanya hivyo kiangazi chote kilichobaki, askari mbele, sisi nyuma.

Phébé alikufa 2002, kwa ugonjwa wa kifua. Wanaoniuliza juu ya karatasi nawajibu: itafuteni, ni kitu kizuri, lakini anayeiandika apande kilima kwanza na achuchumae, na jina la mwenye panga liwe humo. Vile visiki vya askari vilichipuka. Leo vinanipita kichwa, na sijavunja hata jani moja.