Swali la Kitinda Mimba

Enzi zetu kule Nyandarua, watoto wa watu walijiongezea miaka ili waonekane wakubwa. Sisi tulijipunguzia. Msicheke! Kwetu tulikuwa Wayahudi, watu weusi wa nyanda za baridi, wafuga ng'ombe na wakulima wa viazi, na Pasaka yetu ya kukumbuka kutoka Misri ilipoingia, mtoto mdogo kuliko wote mezani ndiye aliyesimama kumuuliza Baba kwa nini leo hatuli kama siku zote. Baba hakuweza kuanza kusimulia kabla hajaulizwa. Jamani, ule utamu wa watu wazima ishirini kukungoja wewe!

Mimi ni kitinda mimba, basi swali lilikuwa langu miaka na miaka. Kisha shangazi akatuletea binti yake Miriamu, aliyezaliwa siku mbili baada yangu. Siku mbili tu! Nilimng'ata sikio. Mama alinichapa kwa mwiko wa ugali, halafu akageukia ukutani kucheka. Baba akaamua tupokezane, huyu mwaka huu, yule mwakani.

Mkate usiochachuka haukuuzwa popote, tuliupika wenyewe. Kuanzia maji yanapogusa unga hadi mkate unapotoka motoni ni dakika kumi na nane, basi; ukizidi hapo unahesabiwa umechacha. Baba alisimama mlangoni na saa yake, akipiga kelele kama refa. Shangazi akichelewa, chapati yake inaenda kwa ndama, na ndama wetu walinenepa kweli kila Pasaka. Mboga chungu ilikuwa managu, bila tone la maziwa. Divai hatukuwa nayo, tukachemsha zabibu kavu. Vijana wa leo wanaununua mkate huo ndani ya boksi na bado wanalalamika ati hauna ladha.

Nikishauliza, Baba alianza. Farao, Babeli, Roma, waliofukuzwa Uhispania, waliochomwa Ulaya. Sisi hatukuwa na babu aliyepita huko. Wazee wetu waliishika imani hii wenyewe, wakachekwa kanisani na sokoni. Lakini Baba alisema "tulifukuzwa", alisema "tukabaki", machozi yakimtoka, nami niliamini kabisa kwamba jangwani nilitembea. Siku moja nilimuuliza kwa nini asianze tu bila kuulizwa.

"Kama hakuna anayeuliza," akanijibu, "mimi ninamwambia nani?"

Baba alishatutoka. Miriamu aliolewa na mchungaji, kaka zangu wakarudi kanisani, na nyumba yetu ya sala siku hizi ni stoo ya mikebe ya maziwa. Nimebaki mimi hapa Thornton Heath, ughaibuni kwa Waingereza, ghorofa ya tatu, na mwanangu Yoeli. Alipokuwa na miaka mitano aliuliza vizuri, kwa Kiswahili cha kuvunjika-vunjika, lakini aliuliza. Kisha akakua. Kwenye sinagogi, mlinzi alitusimamisha getini kila Jumamosi, kila Jumamosi, kutuuliza tumealikwa na nani, wenzetu weupe wakipita tu. Siku moja ndani ya basi Yoeli akatemewa mate kwa sababu ya kofia yake ya Kiyahudi. Aliivua siku hiyo, hajaivaa tena.

"Mama," akaniambia, kwa Kiingereza kama wanavyojibu wote hawa waliozaliwa hapa, "wanaoamini mimi ni Myahudi wananichukia. Wasionichukia hawaniamini."

Niliumia sana, na bado naumia.

Mwaka huu ana miaka kumi na tisa, anaishi na wenzake Lewisham. Siku ya Pasaka nilipika tangu asubuhi, nikajipimia dakika zangu mwenyewe kwa simu. Jua lilipokaribia kuzama nikampigia. Nikamwambia, sikuombi uje, baba. Niulize tu, hapo hapo kwenye simu, mara moja. Nikasikia televisheni ikizungumza nyuma yake.

"Lakini Mama," akasema taratibu, bila ujeuri wowote, "si jibu unalijua?"

Sheria yetu imelifikiria hata hilo: aliye peke yake anajiuliza mwenyewe. Nikasimama, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, nikauliza kwa sauti mbele ya viti vitupu. Nikaketi, nikaanza kujijibu. Nilifika Babeli, nikashindwa kuendelea.

Zamani nyumba ya udongo ilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia ya viazi, na swali moja likatutoa damu. Sasa nina meza nzuri, mkate upo dukani, na lile swali hakuna anayelitaka. Farao hakutuweza. Babeli haikutuweza, Roma haikutuweza, wala wale wenye matanuri. Kwangu mimi ilitosha kijana mmoja kuchoka. Naye amechoka, na mimi mama yake siwezi kumlaumu.